Kifungua Mimba Kamaliza Akili Zote?

Kwetu Newala, kusini mwa Tanzania, mtoto wa pili akishika mkia darasani, hakosi jirani wa kusema: "Ndiyo hivyo, kifungua mimba kashamaliza akili zote tumboni." Nimeisikia kauli hiyo barazani na kwenye foleni ya maji, na mara nyingi mtoto mwenyewe yupo pale pale, anasikia. Hapo ndipo inaponiuma.

Dhana: Wa kwanza huzaliwa na akili kuliko wadogo zake.

Tofauti ipo, ila haitoki tumboni. Mwaka 2007 watafiti wa Norway, Petter Kristensen na Tor Bjerkedal, walitoa matokeo ya vipimo vya akili vya vijana wapatao 240,000 walioitwa jeshini. Vifungua mimba waliwazidi wa pili kwa alama mbili tatu hivi. Kisha wakawatazama vijana waliozaliwa wa pili, lakini mkubwa wao alifariki akiwa mchanga, wakakua wao ndio wakubwa wa nyumba. Alama zao zilikuwa kama za vifungua mimba! Kwa hiyo kinachofanya kazi ni malezi.

Wa kwanza hupata muda wa kuwa na wazazi peke yake, hana wa kugombania naye. Tena yeye ndiye mwalimu wa nyumbani. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alilieleza jambo hili tangu miaka ya 1970: anayefundisha hunoa akili yake mwenyewe. Msimu wa korosho utaliona kila jioni. Mama na baba wamerudi shambani hoi, na daftari la mdogo linakaguliwa na dada mkubwa. Huwezi kumweleza mwenzako hesabu ya kugawanya kama wewe hujaielewa.

Dhana: Tofauti hiyo ni kubwa, inaonekana kwa macho.

Haionekani. Katika vipimo hivyo wastani ni 100, na theluthi mbili ya watu huangukia kati ya 85 na 115. Alama mbili tatu ni wastani wa maelfu ya watu. Hazikwambii lolote kuhusu watoto wako wawili. Wadogo wanaowapita wakubwa zao ni wengi mno.

Dhana: Nafasi ya kuzaliwa hupanga tabia; mkubwa mpole, mdogo mtundu.

Utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani haukuona hilo, si kwa upole, si kwa bidii, si kwa uchangamfu.

Dhana: Huku kwetu mwenye kichwa ni kitinda mimba, kwani si ndiye aliyefika mbali?

Hii ndiyo iliyonifanya niandike. Kabla ya mwaka 2016, sekondari ya kutwa ya serikali ilidai ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka, achilia mbali michango, sare na madaftari. Kwa nyumba yenye mikorosho michache, korosho zikikataa mwaka huo, mkubwa anabaki. Ada ikafutwa, wadogo wakapita. Hata Ecuador watafiti walikuta wakubwa wa familia wakiachwa nyuma kimasomo na wadogo zao. Akili haijaguswa hapo. Ni mfuko na mwaka.

Dada yangu alimaliza darasa la saba mwaka 2007, akaishia hapo, akawa wa kutubeba mgongoni na kuokota korosho. Mimi nilianza kidato cha kwanza Januari 2016. Kusoma nilifundishwa na yeye, herufi moja moja, kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni. Nilipofika chuo, ukoo mzima ulisema akili nimechukua mimi, na dada akacheka pamoja nao.

Hadi leo wakileta malipo ya korosho kutoka AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, anatoa makato yote kichwani, mpaka shilingi ya mwisho, mimi bado natafuta kikokotoo kwenye simu.