Kuchimba Madini Adimu Hakutoshi

Ukifungua mota ya pikipiki ya umeme, kama zile zinazobeba abiria kila siku hapa Nairobi, utakuta vipande vyembamba vya sumaku vimebandikwa kwa gundi kuzunguka ukingo wake wa ndani, na ukisogeza bisibisi karibu itavutwa hadi ikuponyoke. Nguvu hiyo hutokana na neodimi na praseodimi, na mara nyingi huongezwa disprosi kidogo ili sumaku isidhoofike mota inapopata joto; zote tatu ni kati ya elementi 17 zinazoitwa madini adimu.

Mimi ni mhandisi wa metali, na kila mjadala wa kilima cha Mrima kule Kwale, chenye madini hayo, unapozuka, nasikia ikidaiwa kwamba tukishayachimba tutakuwa tumejinasua kutoka kuitegemea China. Sikubaliani na dai hilo hata kidogo. China huchimba takriban asilimia 70 ya madini adimu ya dunia, lakini katika kuyatenganisha na kuyasafisha fungu lake hukaribia asilimia 90, na utegemezi wenyewe umejikita hapo. Elementi hizi 17 zinafanana mno kikemia: huyeyushwa katika asidi, kisha mchanganyiko hupitishwa kwenye viyeyushi hatua baada ya hatua, pengine mamia ya hatua, kwa kuwa kila hatua hutenga kiasi kidogo tu. Ujuzi huo China iliujenga kwa miongo kadhaa, na mazingira ya Baotou, mji wake wa kusafishia madini hayo, yakaumia vibaya.

Mgodi wa Mountain Pass, California, uliwahi kuongoza duniani, lakini hata ulipofufuliwa, kwa miaka mingi mzigo wake ulipelekwa China kusafishwa. Japani, ambayo China iliibania madini hayo mwaka 2010, iligharimia kampuni ya Lynas, ambayo huchimba Australia na kusafisha Malaysia. Hata hivyo, China ilipoanza kudai vibali vya kuuza nje elementi saba mwezi Aprili 2025, disprosi ikiwemo, baadhi ya viwanda vya magari ng'ambo vilisimamisha kazi kwa kukosa sumaku.

Kwa hiyo ningependa fedha zetu zianzie kwa wanakemia na maabara, na tuzungumze na Tanzania, yenye madini hayo Ngualla, kuhusu mtambo wa pamoja wa kutenganisha. Mwamba wa Mrima una thori, ambayo ni nunurishi, yaani hutoa mionzi, na msitu wake ni kaya, yaani msitu mtakatifu, ya Wadigo. Mkataba wowote usitiwe saini kabla wenyeji hawajaelezwa mabaki yenye thori hiyo yatahifadhiwa wapi, na nani atayalinda mgodi ukishafungwa.