Dhana potofu na ukweli: kumtumaini Mungu hakuzimi akili

"Mtumaini BWANA kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Mithali 3:5 inajulikana hata na mtoto wa shule ya Jumapili, na imewabeba wengi wetu katika misiba na madeni. Naipenda sana. Ndiyo maana inaniuma nikiona inavyobebeshwa mambo ambayo haikuyasema: mgonjwa anaachishwa dozi, binti anaozwa kwa ndoto ya mtu mwingine, familia inauza kiwanja ili "kupanda mbegu", yaani kutoa sadaka kwa kutarajia baraka. Anayeuliza swali anajibiwa kwa mstari huohuo.

Dhana: Kumtumaini Mungu ni kuacha kufikiri

Endelea kusoma sura hiyohiyo. Mstari wa 7 unalitaja kosa lenyewe, nalo ni mtu kuwa mwenye hekima machoni pake mwenyewe. Mstari wa 13 unasema, "Heri mtu yule aonaye hekima, na mtu yule apataye ufahamu." Kinachokatazwa ni kujipangia yote kisha kumletea Mungu aweke sahihi.

Viongozi wa Israeli walifanya hivyo mbele ya Wagibeoni, waliokuja kuomba agano la amani, katika Yosua 9. Ushahidi waliukagua: mkate umeota ukungu, viriba vimepasuka, viatu vina viraka. Kila kitu kilionyesha kwamba hawa ni wageni kutoka nchi ya mbali. Ila hawakutaka shauri kinywani mwa BWANA, na siku tatu baada ya kufunga agano wakagundua kuwa ni majirani zao.

Sasa mtazame Ibrahimu, ambaye wahubiri humtaja kama mtu aliyetii bila kuwaza lolote. Waebrania 11:19 inasema alimtoa mwanawe Isaka awe sadaka "akihesabu ya kuwa Mungu aweza kumfufua". Alipiga hesabu, na Mungu alikuwamo ndani ya hesabu hiyo.

Dhana: Mwenye imani ya kweli haendi hospitali

Hapa hutajwa mfalme Asa, ambaye katika ugonjwa wa miguu "hakumtafuta BWANA, bali waganga" (2 Nyakati 16:12). Sura nzima inaeleza mtu alikuwa wa namna gani kufikia hapo: alichukua fedha na dhahabu ya nyumba ya BWANA kumkodi mfalme wa Shamu, na mwonaji Hanani alipomkemea, akamtia gerezani. Alikuwa amemwacha Mungu kabla miguu haijaanza kuuma.

Mfalme Hezekia, naye akiwa mgonjwa, ni kesi iliyo wazi zaidi. Isaya alimletea ahadi ya kuongezewa miaka 15, kisha nabii huyohuyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu (2 Wafalme 20). Ahadi na dawa vilitoka kinywa kimoja.

Kwa hiyo ndugu anayetumia ARV asidanganywe kwamba kumeza kidonge ni imani ndogo. Akiacha, virusi huongezeka tena mwilini, na dawa zilizokuwa zikimsaidia zinaweza kufikia mahali zisifanye kazi. Aombewe, na kliniki aendelee kwenda.

Dhana: Mungu akishaahidi, kazi yetu ni kutulia tu

Somo hili ningetamani lihubiriwe mara nyingi zaidi, kwa sababu Matendo 27 inalieleza kwa undani kuliko sura yoyote ninayoijua. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma. Kule Krete anaonya kwamba safari itakuwa na hasara, wala maneno yake si ya mtu asiyeijua bahari: katika 2 Wakorintho 11 anasema alikuwa amevunjikiwa jahazi mara tatu. Akida, mkuu wa askari wanaomlinda, anamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Dhoruba inawapiga siku nyingi, jua halionekani, wala nyota. Ndipo malaika anamwambia Paulo kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea.

Ahadi imeshatolewa, tena yote. Angalia kinachofuata. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanahisi nchi kavu iko karibu, wanapima kina: pima 20, mbele kidogo pima 15. Wanatupa nanga nne za tezi, upande wa nyuma wa merikebu, wasije wakagonga miamba. Kisha baadhi yao wanashusha mashua kana kwamba wanaenda kutupa nanga za omo, upande wa mbele, kumbe wanatoroka. Paulo anamwambia akida na askari, "Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka." Maneno hayo anayasema mtu aliyekwisha kuambiwa na malaika kwamba wote watapona! Askari wanakata kamba. Paulo anawasihi wale chakula wapate nguvu, anashukuru, anaumega mkate. Watu 276 wanashiba na kuitupa ngano baharini ili merikebu iwe nyepesi. Asubuhi wanaojua kuogelea wanatangulia kujitosa, wengine wanafuata juu ya mbao, na wote wanafika Malta salama.

Katika simulizi yote Paulo haoni mgongano kati ya neno la malaika na uzoefu wa baharia.

Dhana: Nikiwa na amani moyoni, ni mapenzi ya Mungu

Yona alilala fofofo chini ya merikebu huku akimkimbia Mungu. Yesu katika Gethsemane, ndani kabisa ya mapenzi ya Baba, alitoka jasho kama matone ya damu. Amani ni zawadi, lakini peke yake haitoshi kuwa ushahidi.

Dhana: Mtumishi akisema "Bwana ameniambia", kumhoji ni kutegemea akili

Hii ndiyo hatari kuliko zote, maana anayeambiwa aache akili zake mara nyingi anatakiwa azitegemee akili za mtu mwingine. Katika Yeremia 28 nabii Hanania alitangaza, mbele ya makuhani na watu wote, kwamba vyombo vya hekalu vilivyochukuliwa Babeli vitarudi ndani ya miaka miwili. Watu walitamani kusikia hivyo. Lakini Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli kwamba itakuwa miaka 70, basi wajenge nyumba na kupanda bustani, na ndani ya barua hiyo ndimo ulimo ule mstari tunaoupenda wa "mawazo ya amani".

Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwamo watoto wengi. Waumini walikuwa wameaminishwa kwamba wakifunga hadi kufa watakutana na Yesu.

Waberoya, watu wa mji wa Beroya, walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo, na Matendo 17:11 inawasifu kwa hilo. Kwa manabii, 1 Wakorintho 14:29 inaagiza wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Basi ukiletewa neno linalokutaka uuze shamba, uache dawa au uvunje ndoa, na msemaji anataka jibu usiku uleule wa mkesha, mwambie mtumishi kwa heshima kwamba utalisoma andiko na kuzungumza na wazee wa kanisa kwanza.