Je, wajua kompyuta ya shule inaweza kuwaka hata bila diski?

Hili nimelikosea miaka. Nikikuta darasa lina kompyuta za kizamani zinakimbia vizuri na Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows) nasema aa, Linux ni nyepesi ndo maana, na nikawa nawafundisha watu hivohivo kwa kujiamini kabisa. Kumbe Linux ukiiweka na GNOME, yaani sura moja nzito ya skrini yake, inakula RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) kama kawaida na mashine kuukuu itakwama tu. Sura nyingine, Xfce, ni nyepesi kweli, ila fungua brauza na tabo kumi uone. Afu kuna madarasa mashine hazina diski kabisa, sasa huo wepesi unakaa wapi?

Jibu ni LTSP (Linux Terminal Server Project), programu huria, yaani unaruhusiwa kuitumia, kuinakili na kuibadilisha, iliyoanza 1999. Ukiwasha mashine, kadi yake ya mtandao inapiga hodi kwenye waya, seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia zingine, inaitika, inaipa anwani ya IP (namba yake kwenye mtandao) na kipande kidogo cha programu cha kuanzia, kisha mashine inavuta mfumo kutoka huko.

Baada ya hapo fikiria kwa mama ntilie. Jiko ni moja huko nyuma, mteja ana meza na sahani. Mwanafunzi akibonyeza kibodi ameagiza, seva ndo inapika, kinachomrudia ni picha ya skrini tu. Sahani iwe ya 2003 au ya jana, wali ni uleule! Shida inakuja wote wakifungua video kwa mpigo, maana kila picha inapita kwenye waya uleule, mlango wa jikoni unajaa na video inakatakata.

Ila huo ni mtindo wa zamani zaidi. LTSP iliandikwa upya 2019 na sasa kawaida jiko linagawa viungo, kila meza inajipikia kwa RAM yake, kwahiyo kwa mashine iliyochoka sana usitegemee maajabu.

Uhuria wake unasaidia hapa: unaandaa mfumo mmoja kwenye seva, mashine 30 zinautumia, hakuna kuhesabu leseni wala kuingiza funguo moja moja.

Umeme ukikatika ghafla mashine za wanafunzi hazina diski ya kuharibika, zinazima tu zikisubiri. Kazi walizohifadhi ziko kwenye seva, kwahiyo kama shule ina UPS (betri ya akiba) moja tu, inajulikana inakaa wapi.