Jeraha la kichwa haliishii pale mtu anapoanguka
Mtu akianguka na bodaboda, akagonga kichwa, kisha akainuka akijipangusa vumbi na kuzungumza vizuri, wengi huamini amesalimika. Kumbe kishindo ni mwanzo tu. Seli za ubongo zilizopasuka humwaga glutamati, kemikali ambayo ikizidi huziua seli jirani. Baadaye kinga ya mwili huleta uvimbe. Kinga hiyo husafisha mabaki, lakini fuvu halitanuki, hivyo ubongo hubanwa na damu huufikia kwa shida. Uti wa mgongo ukijeruhiwa nao huendelea kuumia hivyo kwa siku, hata wiki. Isome karatasi ya maelekezo anayopewa majeruhi akiruhusiwa hospitalini: kutapika, usingizi usio wa kawaida, kichwa kinachozidi kuuma. Dalili hizi zimeandikwa kwa sababu huweza kuchelewa kujitokeza. Zikitokea, mrudisheni hata usiku.