Je, wajua kwa nini Shaka yumo kwenye gemu na Mkwawa hayumo?

Baridi ya Juni pale Uyole, Mbeya, haina mzaha. Ikifika saa moja jioni kila mtu yuko ndani, na mwenye laptopu ndiye anayebaki na watu mpaka saa nne. Likizo ya Juni mwaka jana nilikuwa na mpwa wangu kutoka Iringa, kijana wa kidato cha tatu, na kwa siku tatu mfululizo hakuniachia kompyuta. Alikuwa ameigundua gemu ya Civilization, toleo la sita. Usiku wa nne aliacha kucheza, akawa anapandisha na kushusha orodha ya viongozi.

"Mjomba, Shaka yumo. Menelik yumo. Mansa Musa yumo. Mkwawa yuko ukurasa gani?"

"Hayumo."

Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyemtoa. Kwao Iringa, Mkwawa ni yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani.

Kuna jibu la haraka, kwamba wazungu hawatujui. Lina ukweli wake, lakini ni robo tu ya jambo lenyewe.

Kwa asiyeifahamu gemu hii, toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991 na linabeba jina la mtunzi wake, Sid Meier. Unapewa taifa mwaka 4000 kabla ya Kristo: walowezi wachache na ramani iliyofunikwa giza. Unajenga mji, unavumbua gurudumu na maandishi, unafanya biashara na jirani au unampiga, na ukijaliwa unafika hadi kurusha chombo angani. Kila taifa lina kiongozi mwenye sura, anayekutokea kwenye skrini kukusalimu, kukubembeleza au kukutishia. Toleo lile la 1991 lilikuwa na mataifa 14. Ya Afrika yalikuwa mawili tu, Misri ya Ramesses na Wazulu wa Shaka.

Tangu hapo bara letu limekuwa likiingia kwa kudondoka, kama maji ya bomba lililolegea. Mwaka 2005 akaingia Mansa Musa wa Mali. Ethiopia ikafuata kwenye nyongeza ya toleo hilo, Songhai ya Askia mwaka 2010, Kongo ya Mvemba a Nzinga mwaka 2016, na mwaka 2020 Menelik II wa Ethiopia. Buganda imeingia na toleo la saba la Februari 2025. Karibu kila toleo linapokaribia, wachezaji huandika orodha za wanaowataka, huzibishania kwa miezi, na wengi hubaki na orodha zao mkononi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna kisa chetu cha kuchekesha. Toleo la 2005 linafunguka kwa wimbo "Baba Yetu", yaani Sala ya Bwana kwa Kiswahili, uliotungwa na Christopher Tin. Mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza wa gemu ya kompyuta kupata tuzo ya Grammy. Yaani mtoto wa Chicago anakaribishwa kwa Kiswahili, halafu akiingia ndani hakuti taifa la Waswahili. Katika toleo la sita Zanzibar imewekwa kama kijimji kinachojitegemea: ukiwa mlezi wake unapata mdalasini na karafuu. Kilwa Kisiwani iliongezwa mwaka 2018, si kama taifa bali kama ajabu la dunia ambalo yeyote anaweza kulijenga ufukweni mwake. Nimeshamwona Mrusi akijenga Kilwa. Nilikunywa chai yangu kimya.

Sasa tumrudie Shaka. Aliuawa mwaka 1828, na katika maisha yake Waingereza waliomjua walikuwa wafanyabiashara wachache wa pwani ya Natal. Kilicholipeleka jina la Wazulu katika kila nyumba ya Uingereza ni vita ya 1879, miaka 51 baada ya yeye kufa, jeshi la Malkia lilipofyekwa Isandlwana na watu wenye mikuki. Magazeti yaliandika, vitabu vikaandikwa, watoto wakasoma. Mtunzi wa gemu anayeandika kwa Kiingereza akitafuta shujaa wa Afrika kusini mwa Sahara, jina hilo ndilo linalomjia kwanza. Vita ya Mkwawa ilipiganwa na Wajerumani, ikaandikwa kwa Kijerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Ujerumani haikuwa tena na koloni la kuzungumzia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote. Aliyekupiga vita ndiye anayekutangaza, na sisi mtangazaji wetu alifilisika mapema.

Kinachonifurahisha ni kwamba Shaka na Mkwawa si wageni kwa wenzao. Misukosuko ya enzi ya Shaka iliwatoa Wangoni wa Zwangendaba kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, wakapanda hadi Ufipa, na baadaye makundi yao yakasambaa. Wasangu wa uwanda wa Usangu walionja mikuki yao mifupi na namna yao ya kupanga vikosi, wakaiga. Wahehe wakapigwa na Wasangu, nao wakaiga, kisha wakawazidi walimu wao. Kwa hiyo mbinu zilizoiangamiza safu ya Wajerumani pale Lugalo, Uhehe, mwaka 1891 zilikuwa na undugu wa mbali na zile za Isandlwana. Mpwa wangu anapocheza na Shaka, kwa namna fulani anacheza na babu wa mbinu za Iringa.

Lakini umaarufu peke yake hautoshi. Gemu ina mahitaji yake, na ukiyasoma unaanza kuona kwa nini wengine huachwa. Inataka mji mkuu, na nyuma yake orodha ndefu ya majina ya miji, kwa sababu taifa litapanuka na kila mji mpya lazima uitwe kitu. Inataka kikosi cha kipekee na jengo la kipekee. Inataka lugha ambayo mwigizaji anaweza kuitamka vizuri. Zaidi ya yote inataka mtu mmoja anayeamua kila kitu.

Mkwawa angepita usaili huo bila jasho. Baba yake, Munyigumba, aliziunganisha koo za Uhehe kuwa dola, naye mtwa (yaani mtawala) Mkwavinyika, ndiye huyu Mkwawa, akaipanua. Mji mkuu ni Kalenga, kilomita 15 hivi kutoka Iringa ya leo, uliozungushiwa ukuta wa mawe. Jina Iringa lenyewe linatokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Orodha ya miji mpwa wangu aliiandika nyuma ya daftari la Jiografia kwa dakika mbili: Kalenga, Luhota, Rungemba, Ilula, Ifunda, Idodi, Pawaga, Mafinga, Kilolo. Kihehe kinasemwa mpaka leo. Ukitaka mwigizaji, shuka stendi ya Iringa useme "Kamwene", uone watakaokuitikia.

Na uwezo wake wa pekee? Tarehe 17 Agosti 1891 Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alikuwa akiongoza safu ndefu ya askari na wapagazi kuingia Uhehe. Wahehe walikuwa wamejificha kwenye majani na mawe pale Lugalo, pembeni mwa njia. Risasi moja ikalia kama ishara, wakatoka kabla askari hawajawahi kushika vizuri bunduki zao. Nyundo akauawa hapo hapo pamoja na maofisa wenzake kadhaa na askari wengi. Mnara wake bado upo karibu na barabara kuu ya Dar es Salaam. Mabasi yanapita na watu wamelala. Hayo yalitokea miaka mitano kabla ya Menelik kuwapiga Waitalia Adwa, na Menelik yumo.

Wajerumani walirudi na mizinga, wakaivunja Kalenga mwishoni mwa Oktoba 1894. Mkwawa akaponyoka, akaendesha vita ya msituni kwa karibu miaka minne huku kichwa chake kikiwa kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, hadi Julai 1898 alipojipiga risasi Mlambalasi ili asikamatwe. Mtunzi wa gemu anayetaka kiongozi ambaye taifa lake halifi mji mkuu unapotekwa, kiolezo hicho hapo.

Hapo ndipo nilipomwambia mpwa wangu asifurahi haraka. Kichwa cha Mkwawa kilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, ambao watu huukumbuka kwa mipaka na fidia, una kifungu cha 246 kinachoidai Ujerumani fuvu hilo. Lilirudi mwaka 1954 likaletwa na Gavana Twining, akalipokea mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Fuvu liko kwenye makumbusho ya Kalenga. Wajukuu wako hai, wanazika na kuozesha kama watu wengine. Je, watapenda kumwona babu yao akipiga magoti kwenye skrini kwa sababu mtoto wa shule amemzidi idadi ya mizinga?

Swali hili limeshawahi kuwakuta watunzi wenyewe. Walipokuwa wakitayarisha nyongeza ya 2013 walitaka kumweka Popé, kiongozi wa Wapueblo wa Marekani aliyewaongoza kuwafukuza Wahispania mwaka 1680. Viongozi wa Wapueblo wakakataa, kwa sababu za heshima na dini, na nafasi ikaenda kwa Washoshone. Mwaka 2018 Poundmaker wa Wakrii aliingia kwenye toleo la sita, na kiongozi mmoja wa jamii yake huko Kanada akalalamika hadharani kwamba gemu inamvisha tabia za kikoloni za kuteka ardhi ya wengine, tabia ambazo yeye hakuwa nazo. Mkwawa hawezi kujitetea hivyo kikamilifu. Aliteka ardhi za majirani, na Wasangu na Wabena wana masimulizi yao kuhusu hilo ambayo hayafanani na ya Iringa.

Neno tunalotumia kutafsiri jina la gemu nalo lina mambo yake. Ustaarabu kwa asili ni kuwa kama Mwarabu, na mtaani mtu mstaarabu ni yule asiyekata foleni. Nikiwaza hivyo nakumbuka upande wa mama yangu, Rungwe, kwa Wanyakyusa.

Wanyakyusa hawakuwa na Mkwawa. Walikuwa na machifu wengi wadogo, na taratibu zao zingemchanganya mtunzi yeyote wa gemu. Vijana wa kiume walipofika miaka kumi hivi walianza kujenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha wazazi, wanarudi kula kwa mama lakini wanalala kwao. Wakikua, wanaoa na kuishi hapo hapo, kijiji kizima cha rika moja. Ukifika wakati, baba zao wanafanya sherehe kubwa na kuwakabidhi nchi. Wana wawili wakubwa wa chifu wanagawana, kila mmoja na nusu yake, na wazee wanasogea pembeni. Nchi inakua kwa kugawanyika, kama mgomba unavyotoa machipukizi.

Gemu yetu haijui kufanya hivyo. Kwake kugawanyika ni adhabu: miji inaasi kwa sababu watu hawana furaha. Na zaidi ya machifu hao kulikuwa na Lwembe wa Lubaga, aliyeheshimiwa kwa ajili ya mvua na rutuba, lakini akiwa hana jeshi la kutisha na akiishi kwa miiko mizito. Masimulizi yanasema waliostahili kuurithi wadhifa huo waliukimbia. Nionyeshe mchezaji wa gemu anayekimbia kuwa mfalme.

Toleo la saba limelegeza kamba kidogo, maana limemtenganisha kiongozi na taifa, na kiongozi si lazima awe aliyetawala. Harriet Tubman, Mmarekani aliyewatorosha watumwa, yumo. Ibn Battuta yumo, yule yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. Kwa hiyo Mkwawa angeweza kuja peke yake akaiongoza hata Buganda, jambo ambalo Wahehe ninaowajua wangelijadili mpaka pombe ya ulanzi iishe. Mimi ningeomba kitu kingine: sheria mpya inayokuruhusu kukabidhi nusu ya nchi kwa mwanao na kupata alama kwa kufanya hivyo. Uso mpya kwenye orodha ni mzuri, lakini ukicheza kwa sheria zile zile, kila babu anageuka Kaisari mwenye ngozi nyeusi.

Haya yote nilimweleza mpwa wangu kwa kirefu. Alisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza watoto ambao laptopu imefungwa mbele yao. Kisha akaniomba nifungue. Akamchagua Menelik, kwa sababu majeshi yake yana nguvu ya ziada yakipigana vilimani, akajenga mji wake wa kwanza kwenye mwinuko, akafuta jina la Addis Ababa na kuandika Kalenga. Mimi nikaenda kulala.

Asubuhi nilimkuta amejifunika blanketi mpaka kichwani, laptopu imeisha chaji.

"Vipi Kalenga?"

"Barbarossa wa Ujerumani ameichukua, mjomba."

"Ilikuwaje?"

"Nilisahau kujenga ukuta."