Je, wajua kwa nini mgonjwa alidhaniwa mjamzito katika kasri la Malkia Victoria?

Mnamo Januari 1839, Lady Flora Hastings, binti wa ukoo wa kitukufu aliyekuwa akimhudumia Duchess wa Kent, mama yake Malkia Victoria, alimwendea daktari wa kasri, Sir James Clark, akilalamikia maumivu na tumbo lililokuwa likivimba. Alikuwa na umri wa miaka 32 na hajaolewa. Haukupita muda mrefu kabla ya minong'ono kuenea katika kasri la Buckingham kwamba ana mimba.

Chanzo cha dhana hiyo hakikuwa tumbo peke yake. Victoria alikuwa amelelewa katika kasri la Kensington, London, chini ya masharti makali yaliyowekwa na mama yake pamoja na Sir John Conroy, msimamizi wa nyumba yao: hakuruhusiwa kulala chumbani peke yake, wala hata kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Alipopata kiti cha enzi mwaka 1837, akiwa na miaka 18, alimweka Conroy mbali naye na kumchukia waziwazi, na Flora, aliyekuwa upande wa Duchess, akahesabiwa kuwa mtu wa kambi ya adui. Ilipojulikana kwamba Flora alikuwa amerudi kutoka Uskoti katika gari moja na Conroy, Malkia aliandika katika shajara yake, tarehe 2 Februari, kwamba hana shaka kuwa Flora ni mjamzito, na kwamba mwenye kosa ni Conroy, aliyemwita shetani.

Hapo ndipo daktari alipopaswa kuuzima uvumi. Clark, ambaye alikuwa amelipapasa tumbo hilo juu ya nguo tu, naye aliushuku ujauzito, na Flora akaambiwa kwamba hatakubaliwa mbele ya Malkia mpaka asafishe jina lake kwa kupimwa mwilini na madaktari. Kwa binti wa kitukufu wa zama zile, kupimwa namna hiyo kulikuwa ni kuvuliwa heshima. Hata hivyo, tarehe 17 Februari alikubali kupimwa na Clark pamoja na daktari mwingine, Sir Charles Clarke, nao wakatia sahihi cheti kilichosema kwamba hapakuwa na sababu ya kuamini kwamba ana mimba au amewahi kuwa nayo. Malkia alimwomba radhi, lakini shaka haikumtoka, kwa kuwa madaktari walikuwa wamedokeza faraghani kwamba hata bikira huweza kushika mimba.

Familia ya Hastings haikunyamaza. Mjomba wake Flora alipeleka habari yote magazetini, na wafuasi wa chama cha Tory wakaifanya silaha dhidi ya Waziri Mkuu, Lord Melbourne wa chama cha Whig, ambaye Malkia alimtegemea mno. Katika mbio za farasi za Ascot, mwezi Juni, Malkia alizomewa hadharani.

Wakati huo Flora alikuwa akikonda, tumbo lake likizidi kuvimba. Alifariki dunia tarehe 5 Julai 1839 humo humo kasrini, akiwa na miaka 33. Kabla ya kufa alikuwa ameagiza mwili wake upasuliwe ili ukweli ujulikane, na madaktari wakakuta ini lililokuwa limevimba kupita kiasi. Alizikwa Loudoun, Uskoti. Sir James Clark aliendelea kuwa daktari wa Malkia kwa miaka mingi.