Je, wajua kwanini Wycombe Wanderers wanaitwa "vijana wa viti"?

Kama unafuatilia mpira wa Uingereza mpaka ligi za chini utakuwa unaijua Wycombe Wanderers, ile timu aliyokuwa anachezea Akinfenwa, yule straika bonge aliyekuwa anasukuma mabeki kama anafungua mlango. Jina lao la utani ni Chairboys, yaani vijana wa viti. Arsenal wamejipa jina la mizinga, hawa wakaona kiti kinatosha!

Kisa chenyewe ni kwamba timu ilianzishwa 1887 na vijana waliokuwa wanafanya kazi ya samani pale High Wycombe, kilomita kama 50 hivi kutoka London, na mji huo ulikuwa unaishi kwa viti. Ila mimi kilichonivutia zaidi ni kwamba kabla ya viti hivyo Mwingereza wa kawaida kiti chake mwenyewe hakuwa nacho.

Sitanii. Ukiingia nyumba ya mkulima wa kawaida miaka ya 1500 unakuta benchi, kasha la mbao la kuwekea nguo ambalo nalo ni la kukalia, na vigoda. Kiti chenye mgongo kikiwepo basi ni kimoja, na ni cha baba mwenye nyumba, wengine wote mnajua pa kukaa. Ndio maana anayeongoza kikao wakamwita chairman, na sisi tunasema mwenyekiti, kwahiyo hata hapa neno linakwambia mwenye kiti alikuwa mmoja tu. Tena kuna padri wa Essex, William Harrison, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijijini kwake walikumbuka wamelala juu ya majani makavu huku wameegemeza kichwa kwenye gogo, mto wa kulalia ulionekana ni wa mama aliyejifungua. Sasa mtu analalia gogo, kiti atakitoa wapi?

Na vile vigoda vingi vilikuwa na miguu mitatu, sio kwamba mbao iliisha. Sakafu ilikuwa udongo, ina mabonde, na kitu cha miguu minne kwenye sakafu kama hiyo lazima kicheze, mguu mmoja unaning'inia. Cha miguu mitatu hakichezi hata ukikiweka wapi, maana ncha tatu siku zote zinagusa chini zote.

Mabadiliko yalikuja miaka ya 1700 na kiti wanachokiita Windsor. Viti vya seremala wa zamani miguu ya nyuma ilikuwa inapanda juu mpaka inakuwa mgongo, kazi ya kuunganisha pembe kwa pembe, ghali. Windsor wao wakachukua ubao mmoja mnene wa kukalia, wakautoboa matundu, miguu ikachomekwa kwa chini, fito za mgongo zikachomekwa kwa juu, basi. Ukikiangalia vizuri ni kigoda kilichoota mgongo. Ubao wa kukalia ulikuwa wa mti wa elmu kwasababu nyuzi zake zimesokotana, unatoboa matundu yote hayo na haupasuki.

Sasa High Wycombe imezungukwa na vilima vya Chiltern vyenye misitu ya mti wa biichi, mzuri sana kwa miguu ya kiti, na soko la London liko karibu. Kazi wakagawana. Kule msituni kulikuwa na mafundi wanaitwa bodgers, wanapasua gogo likiwa bado bichi, wanalichonga, alafu wanalikereza kwa mashine isiyo na mota wala nini, ni kamba imezungushwa kwenye kile kipande kinachokerezwa, huku chini unakanyaga kwa mguu, kule juu kamba imefungwa kwenye ufito mrefu unaonesa, ukiachia mguu ufito unairudisha kamba juu. Kule mjini kuna mwingine kazi yake ni ubao wa kukalia tu, anasimama juu yake na tezo, ile ile ya mafundi majahazi, anachimba umbo la makalio katikati ya miguu yake mwenyewe. Ukikosea pigo moja umeenda na kidole. Alafu kuna wa kupinda upinde wa mgongo kwa mvuke, na kuna wa kuunganisha vyote.

Kwa staili hiyo miaka ya 1870 inasemekana mji ulikuwa unatoa viti kama 4,700 kwa siku. Kwa siku! Vikaenda jikoni kwa watu, baa, makanisani, mashuleni, na sasa kila mtu kwenye familia ana kiti chake.

Wale bodgers walikuja kuisha katikati ya miaka ya 1900, mashine za kiwandani ziliwashinda. Malipo yao yalihesabiwa kwa groso, yaani miguu 144 pamoja na vijiti vya kuishikanisha, na wengi wao walifanya kazi hiyo maisha yao yote bila kutengeneza kiti kizima hata kimoja.